Kunyoa ndevu kwa wembe wa kukunja: mwongozo kamili kwa anayeanza Lamu

Kabla Gillette hajapata hataza ya wembe wake wa kubadilisha huko Marekani mwaka 1904, wanaume wengi walionyoa ndevu walinyoa kwa wembe wa kukunja. Ni kipande kimoja cha chuma chenye mpini. Hakuna betri, hakuna kichwa cha kununua kila mwezi, na ukitunzwa vizuri unaweza kumfaa mtu maisha yake yote kisha ukamfaa mwanawe.

Kwa sisi wa Lamu kuna faida nyingine: karibu kila kinachohitajika kuuhudumia wembe huu kinapatikana mjini, kwa fundi wa makubadhi, kwa muuza viungo, kwa fundi cherehani. Lakini pia tuna adui ambaye watu wa bara hawamfahamu sana, nayo ni hewa ya chumvi. Wembe unaoweza kukaa miaka ndani ya droo katika nchi kavu, hapa ukifungwa na unyevu huota madoa ya kutu kwa siku chache. Ndiyo maana nitakawia zaidi kwenye makali na kwenye kuukausha wembe. Watu hudhani ugumu uko kwenye kunyoa, na hivyo huharibu wembe kabla hawajajua kunyoa.

Jambo moja kwanza. Kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, una maradhi ya damu kutokoma, au una kisukari na vidonda vyako huchelewa kupona, zungumza na daktari wako kabla ya kushika wembe huu. Kama ngozi yako huota makovu ya kuvimba kila ikikatwa, usianze kabisa.

Wembe gani

Kuna aina mbili, na ni muhimu usizichanganye. Ya kwanza ni ile wanayotumia vinyozi wengi wa mjini: kishikio cha chuma, ambapo wembe wa kawaida wa makali mawili huvunjwa katikati na nusu yake kuchomekwa. Haihitaji kunolewa, na kila mteja hupata nusu mpya. Kwa kinyozi ndiyo sahihi, na ukikaa kwenye kiti chake una haki ya kuona wembe mpya ukitolewa kwenye karatasi. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, kwa hiyo wembe uliopita kwa mtu mwingine haufai kwako hata kama umefutwa ukang'aa.

Ya pili ndiyo wembe wa kukunja wenyewe, ambao makali yake ni sehemu ya chuma chake na hunolewa. Huu ndio ninaouzungumzia. Ni mzito kidogo, na uzito huo humsaidia mwanafunzi kwa sababu wembe hutulia usoni. Ile nusu ya wembe ni nyepesi na kali mno, hivyo mkono ukitetemeka kidogo hukata papo hapo. Wengi huanza na hiyo kwa kuwa ni rahisi kununua, na si vibaya, ila wajue kwamba wameanza na iliyo ngumu zaidi. Na wembe wa kukunja ni wa mtu mmoja. Haukopeshwi, hata kwa ndugu.

Upana wa wembe hupimwa kwa sehemu za nane za inchi. Chukua 5/8, yaani takriban milimita 16, au 6/8, takriban milimita 19. Mwembamba kuliko huo hauna uzito wa kutosha, na mpana zaidi huzuia macho chini ya pua. Chagua wenye ncha ya mviringo. Ncha ya pembe kali hutoboa ncha ya sikio na pembe ya mdomo kabla hujaizoea.

Chuma cha kaboni hunoleka kwa urahisi lakini hushika kutu upesi. Chuma kisichoshika kutu huchukua muda mrefu zaidi kwenye jiwe, lakini kwa anayeishi hatua chache kutoka baharini mimi ningemshauri achukue hicho. Ukiwa tayari kuufuta na kuupaka mafuta kila mara bila kukosa, chukua wa kaboni kwa moyo mkunjufu.

Miji yenye sifa ya kutengeneza nyembe hizi ni Solingen ya Ujerumani, Sheffield ya Uingereza na Thiers ya Ufaransa. Jina la Solingen hulindwa na sheria ya Ujerumani tangu 1938, lakini hilo halimzuii mtu wa mbali kuligonga kwenye chuma hafifu, kwa hiyo usinunue jina peke yake. Ukipata wembe wa zamani, uelekeze kwenye mwanga utazame makali kutoka mwanzo hadi mwisho: usiwe na pengo, usiwe na ufa, na mstari wa makali usiwe umepinda kuingia ndani. Kutu juu ya mgongo husafishika. Vishimo vya kutu kwenye makali vinamaanisha chuma kimeliwa, uache.

Muulize muuzaji swali moja: je, umeshanolewa kwa kunyolea? Nyembe nyingi mpya hutoka kiwandani zikiwa na makali ya kukata karatasi tu. Wembe wa namna hiyo utavuta ndevu zako na kukuchubua, nawe utadhani kosa ni la mkono wako. Lipa ziada kwa ulionolewa na mjuzi. Hapo ndipo pesa ya mwanzo inapofanya kazi.

Mkanda wa ngozi

Makali ya wembe huu ni membamba mno, na kila ukinyoa hupinda kidogo kidogo pasipo kuonekana. Mkanda wa ngozi huyanyoosha tena. Bila mkanda wembe mzuri utakufa baada ya kunyoa mara chache.

Usiagize mbali kabla hujamwona fundi wa makubadhi. Visiwa vyetu vina ufundi wa ngozi wa tangu zamani, na Siyu kule Pate imejulikana kwa kazi hiyo. Mwambie fundi unataka kipande cha ngozi ya ng'ombe, urefu wa sentimita 45, upana wa sentimita 6 hadi 7, unene wa milimita 3 hivi, laini upande mmoja, kisichotiwa rangi wala nakshi. Apachike pete ya chuma upande mmoja wa kuning'inizia na upande wa pili aache mahali pa kushika. Tafuta pia kipande cha kitambaa cha pamba cha tanga, cha kipimo kile kile. Kioshe chumvi yote itoke, kikaushe, ukifunge nyuma ya ngozi.

Utumiaji wake ni huu. Ning'iniza mkanda kwenye msumari au komeo la dirisha, uvute uwe umenyooka bila kulegea. Laza wembe bapa, mgongo na makali vyote vikigusa. Sukuma wembe kwa upande wa mgongo, makali yakifuata nyuma. Ukifika mwisho geuza wembe juu ya mgongo wake, makali yakipita hewani, kisha urudi. Mgongo hauondoki kwenye ngozi hata mara moja. Ukigeuza juu ya makali umekata mkanda na kuua makali kwa pigo moja. Kila safari peleka wembe kidogo upande, ili makali yote yapite kutoka kisigino, yaani upande wa mpini, hadi ncha.

Anza polepole mno. Kwenda na kurudi mara 20 kwenye kitambaa, mara 40 kwenye ngozi, kabla ya kila kunyoa. Kasi wanayoonyesha vinyozi ni ya mazoea na haiongezi makali. Usikandamize pia, uzito wa wembe unatosha. Siku za mwanzo jizoeze kwa kisu cha mezani kisicho na makali mpaka kiganja kijue kugeuza chenyewe. Mafuta kidogo ya kiganja chako yakisuguliwa kwenye ngozi hiyo huiweka laini.

Maji, sabuni, brashi

Maji ya chumvi hayatoi povu zuri na huacha chumvi kwenye chuma. Kwa kunyoa tumia maji ya mvua au yale matamu ya Shela, ambako mchanga wa vilima huchuja mvua na kuihifadhi chini. Huhitaji mengi, bakuli moja la moto linatosha. Usitumbukize wembe wala brashi ndani ya birika la msala; teka kwa kata.

Kwenye brashi, Mwislamu aangalie. Brashi nyingi za bei nafuu ni za nywele za nguruwe. Uliza, na kama muuzaji hajui chukua ya nyuzi za plastiki, ambayo hukauka haraka na haiozi kwenye unyevu wetu. Sabuni vilevile: soma karatasi. Kuna sabuni za kunyolea zinazotengenezwa kwa mafuta ya wanyama bila kutajwa mnyama gani, na zipo za mafuta ya nazi na mawese. Povu la kopo linalotoka kwa kubonyeza ni jepesi mno kwa wembe huu, huganda likakauka katikati ya kazi.

Loanisha brashi, ikung'ute, zungusha juu ya sabuni nusu dakika, kisha koroga ndani ya bakuli ukiongeza maji matone machache kwa wakati. Povu sahihi ni zito na linang'aa, halina matundu makubwa. Ukilipaka kati ya vidole viwili, viteleze. Vikigandana, ongeza maji.

Jua ndevu zako zinaelekea wapi

Acha ndevu siku mbili bila kunyoa. Pitisha kidole shavuni kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu, kisha pembeni. Upande unaoteleza ndio mwelekeo wa ndevu. Kwa wengi mashavuni huelekea chini, lakini shingoni hugeuka. Wengine huelekea juu, wengine huzunguka kuelekea sikioni, na shingo ya kulia inaweza kutofautiana na ya kushoto. Chora uso kwenye karatasi utie mishale. Anayejua mishale yake ameepuka nusu ya vipele.

Kunyoa kwa mara ya kwanza

Tenga muda usio na haraka. Ijumaa kabla ya adhana si wakati wa kujifunza. Mwanga wa msalani katika nyumba zetu za mawe ni hafifu, kwa hiyo toka na kioo hadi uwandani asubuhi, mwanga uje kutoka mbele yako. Tandika kikoi sakafuni chini ya unaposimama. Wembe ukikuponyoka usijaribu kuudaka. Rudisha miguu nyuma uuache uanguke. Chuma hununuliwa, vidole havinunuliwi.

Oga kwanza, au weka taulo lililolowa maji ya moto usoni dakika mbili tatu. Unywele uliolowa hulainika na kukatika kwa nguvu ndogo zaidi. Paka povu kwa kuzungusha brashi, kisha subiri dakika moja, uongeze tena.

Fungua wembe hadi mpini usimame juu ukiegemea nyuma. Vidole vitatu vya kati vikae juu ya shingo ya wembe, kidole cha mwisho kwenye mkia wake uliopinda, na dole gumba chini, karibu na makali yanapoanza.

Wiki za mwanzo nyoa mashavu peke yake. Sehemu zilizobaki malizia kwa wembe uliouzoea. Hili nalisisitiza kwa sababu shavu ni tambarare na linaonekana vizuri kiooni, na hapo mkono hujifunza bila kuumia. Shavu likikaa sawa, ongeza taya, kisha shingo. Kidevu na juu ya mdomo viwe vya mwisho kabisa, maana pale mikunjo ni mingi na nywele ni nene.

Kwa mkono usioshika wembe vuta ngozi ya shavu kuelekea sikioni, itanuke bila kuuma. Laza wembe bapa shavuni kabisa, kisha inua mgongo mpaka upate pembe ya digrii 30 hivi. Shuka kwa mwendo wa sentimita mbili tatu, kwa mwelekeo wa ndevu, halafu inua. Futa povu, anza tena pale ulipoachia. Usikandamize. Na usiuvute wembe pembeni kwa urefu wa makali yake, hata kidogo, hata unapourekebisha tu. Mwendo huo ndio unaopasua ngozi, na majeraha mengi ya wanaoanza hutoka hapo.

Sikiliza. Wembe mkali kwenye pembe sahihi hutoa mlio mdogo wa kuchakachua, sawasawa kutoka juu hadi chini, na povu hukusanyika juu ya chuma likiwa na vitone vyeusi ndani yake. Mlio ukikoma ghafla, ama ngozi imelegea ama umelaza wembe kupita kiasi. Ukisikia unywele unavutwa, povu limekauka au makali yamechoka. Ukihisi kukwaruzwa, mgongo umeinuka mno. Mambo haya matatu yakikujia sikioni na ngozini, hutahitaji mtu wa kukufundisha.

Kinyozi hajinyoi, wasema wahenga, na mtu hulielewa hilo anapofika shavu la pili. Mkono wa kulia ukivuka uso huficha kioo na wembe hugeuka vibaya. Dawa yake ni kutumia mkono wa kushoto kwa upande wa kushoto. Siku za kwanza utauona mzito, lakini mkono huo hauna tabia mbaya uliyozoea tangu zamani, kwa hiyo hujifunza kwa adabu kuliko wa kulia. Kwa shingo inua kidevu, vuta ngozi chini kwa vidole, na ufuate ile mishale uliyochora.

Anayefuga ndevu na kutaka kuchonga kingo zake tu atafaidika na wembe huu kuliko yeyote. Anzia nje ya mstari unaoutaka, nyoa kuusogelea, wala usianzie juu ya mstari. Ukishapita huurudishi.

Ukimaliza mara moja kwa mwelekeo wa ndevu, acha. Uso hautakuwa laini kabisa, na hivyo ndivyo unavyotakiwa kwa mwezi wa kwanza. Baadaye utapaka povu tena na kupita kwa ubavu wa ndevu. Kupita kinyume chake si lazima, na kwa wengi wetu hakufai.

Vipele

Ndevu zetu wengi ni za kujikunja. Zikikatwa chini ya usawa wa ngozi, ncha yake kali hukua ikijikunja na kuingia tena ndani, na mwili huipiga vita kama mwiba. Ndiyo asili ya vipele vya shingoni. Wembe wa kukunja una makali mamoja tu, hauinui unywele na kuukata chini kama nyembe za makali matatu au matano, na hivyo wenye vipele wengi hupata nafuu. Nafuu hiyo hupotea ukinyoa kinyume cha ndevu au ukivuta ngozi kupita kiasi. Mwenye ngozi ya vipele avute ngozi kidogo tu, apite mara moja, aridhike na vishina vifupi. Vipele vikiwa na usaha au vikigeuka makovu magumu, pumzika kunyoa na umwone daktari wa ngozi.

Baada ya kunyoa

Suuza uso kwa maji baridi. Chukua jiwe la shabu, la uwazi kama kioo, linalouzwa na wauza viungo na dawa za asili. Lilowanishe, lipitishe uso mzima, subiri dakika moja, suuza. Shabu hufunga mikato midogo, na zaidi ya hayo ni mwalimu: panapowasha sana ndipo ulipokandamiza. Kumbuka mahali hapo kesho yake. Usiendelee kusugua shabu kwenye mkato mkubwa. Bonyeza kitambaa safi dakika kadhaa. Kisha paka mafuta kidogo ya nazi au marashi ya waridi yasiyo na spiriti nyingi.

Sasa wembe. Hapa usichoke, hata kama umechelewa kazini. Suuza makali kwa maji matamu bila kulowesha pachipachi la mpini, kwani maji yakiingia humo hayatoki na kutu huanzia kwenye msumari wake. Futa kwa pamba kutoka mgongoni kuelekea nje ya makali, pande zote mbili. Pitisha kwenye kitambaa mara 10 na kwenye ngozi mara 10 ili unyevu wa mwisho uondoke kwenye makali. Uache wazi chumbani, mbali na watoto, saa moja au mbili kabla ya kuukunja.

Tone moja la mafuta ya cherehani, lisambazwe kwa kidole kwenye chuma chote, hutosha. Mafuta ya nazi hayafai kwa kazi hii, huchacha na kunata. Wembe usikae msalani wala ndani ya mfuko wa ngozi uliofungwa, maana ngozi hushika unyevu. Kitambaa kikavu cha pamba ndani ya kikopo chenye vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu kinafaa. Wakati wa masika, upepo wa kusi unapoleta mvua, ukague kila baada ya siku mbili hata kama hunyoi. Doa dogo la kutu likionekana mapema hutoka kwa mafuta na kitambaa.

Kunoa upya

Mkanda hautoshi milele. Baada ya miezi kadhaa wembe huanza kuvuta ndevu hata ukiupitisha vizuri kwenye ngozi. Usiupeleke kwenye kinoo cha visu na mapanga, chembe zake ni kubwa na zitayala makali. Mawe ya kunolea huhesabiwa kwa namba ya chembe zake, na namba ikiwa kubwa jiwe ni laini zaidi. Jiwe la kuurudishia wembe makali ni la 8000, na ukipenda ulaini zaidi 12000. Jiwe la 1000 ni kwa wembe ulioharibika, na kazi hiyo mwachie mjuzi. Jiwe liwe tambarare kabisa na lenye maji. Laza wembe bapa, mgongo na makali vikigusa pamoja, maana mgongo ndio unaoshika pembe kwa niaba yako. Tofauti na mkanda, hapa makali yanatangulia. Mizunguko 10 hadi 15 myepesi, kisha mkanda, kisha ujaribu kwenye malaika wa mkono: nywele zikatike kabla wembe haujagusa ngozi.

Kama huna jiwe, utafute mtu wa Mombasa au Nairobi anayenoa nyembe hizi na umpelekee kwa mkono wa msafiri unayemwamini, umefungwa kwa kamba ili usifunguke. Akisafiri kwa ndege kutoka Manda, mwambie auweke ndani ya begi la kupakiwa. Kwenye begi la mkononi wakaguzi watauchukua.